Programu ya Access inapomgomea mteja asiye na Access: dalili, sababu na tiba

Nyumba ya wageni ya Shela, kisiwani Lamu, ina kompyuta tatu na Access, programu ya Microsoft ya kutengenezea hifadhidata, haimo hata katika moja. Umewatengenezea daftari la wageni kwa Access: vyumba, siku za kuingia na kutoka, malipo, boti za kuwapokea wageni uwanja wa ndege wa Manda. Kumnunulia kila mhudumu wa mapokezi Access kamili ili abonyeze vitufe vichache ni kutupa pesa. Tangu toleo la 2007 Microsoft imekuwa ikitoa bure Access Runtime, ambayo huendesha programu uliyoitengeneza bila kumpa mtumiaji nafasi ya kubuni fomu wala kubadili jedwali. Unasakinisha Runtime, unaweka faili lako, kazi inaanza.

Ikiwa inaanza. Faili lililokuwa likienda vizuri kwako mtaani Langoni hugoma kwa mteja, naye hukupigia kukuita. Kwenda Shela ni mwendo wa miguu kando ya bahari, lakini mteja akiwa Faza au Kizingitini unahitaji boti, na ukipita mkondo wa Mkanda unasubiri maji yajae. Kwa hiyo utafutaji wa kosa huanzia kwenye simu.

## Maswali ya kwanza

Mwombe picha ya ujumbe ulio kwenye skrini. Asikusimulie, kwa sababu "imekataa" inaweza kuwa makosa kumi tofauti. Kisha uliza kama kompyuta hiyo ina Office ya aina yoyote, hata Word tu, na faili lilifikaje: kwa flashi, kwa barua pepe au kwa WhatsApp.

Sikiliza na maneno yenyewe. "Shekhe, programu yako yafunguka kisha yazima" tayari imekueleza kwamba Runtime imeingia, biti (32 au 64) zimelingana na faili linasomeka. Hapo huna haja ya kuuliza habari za usakinishaji. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kuzima ghafla.

Na kabla ya lolote, jaribu kwako hali aliyo nayo yeye. Hata Access kamili huweza kujifanya Runtime. Tengeneza njia ya mkato yenye mstari huu:

"C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16\MSACCESS.EXE" "C:\Mapokezi\Mapokezi.accdb" /runtime

Au badili tu mwisho wa jina la faili kutoka .accdb kuwa .accdr. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayaona papo hapo. Nusu ya pili hutayaona, kwa kuwa kompyuta yako ina Excel, ina Outlook, na folda zako zinaaminika. Hayo yanataka laptopu isiyo na Office kabisa, hata kuukuu ya kuazima.

## Runtime yenyewe inakataa kusakinishwa

Karibu kila mara ni mgongano wa biti. Office ya biti 32 na Runtime ya biti 64 hazikai pamoja, na usakinishaji utasimama kukuambia hivyo. Tangu 2019 Office mpya huingia kwa biti 64 usipochagua vingine, lakini laptopu nyingi zilizonunuliwa mitumba zina Office ya zamani ya biti 32. Fungua Word ya mteja, nenda kwenye Account kisha About, mstari wa juu utasema. Chagua Runtime inayolingana na Office iliyopo. Usifute Office ya watu kwa sababu ya programu yako.

Mgongano mwingine ni wa njia ya usakinishaji: Office 2016 iliyowekwa kwa mtindo wa zamani wa MSI na Runtime inayokuja kwa mtindo mpya wa Click-to-Run hazipatani. Hapo ama utumie Runtime ya mtindo uleule, ama mteja asasishe Office yake. Kama mashine haina Office, weka Runtime ya Microsoft 365. Haidai usajili wala malipo. Access 2016 na 2019 zilikwisha muda wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo sioni sababu ya kuanza nazo leo.

## Runtime ipo, faili halifunguki

Ukiona kosa 3343, linalosema muundo wa hifadhidata hautambuliki, angalia kwanza kama umetumia aina mpya za data, hasa namba kubwa ya biti 64. Jedwali likiwa na safu moja tu ya aina hiyo, Access ya zamani hailigusi faili. Ikiwa huna safu hizo, huenda faili limeharibika njiani. Linganisha ukubwa wake kwako na kwake.

Ukiwa umetoa faili la .accde, yaani lililokwisha kukusanywa ili msimbo usionekane, kumbuka kwamba lililotengenezwa kwenye Access ya biti 64 linafunguka kwenye biti 64 tu, na la 32 kwenye 32 tu. Mteja mwenye mashine za aina mbili anahitaji mafaili mawili. Faili lako la asili la .accdb lihifadhi vizuri: .accde hairudishwi kuwa .accdb, na ukilipoteza la asili huna pa kurekebishia.

## Onyo la usalama, au vitufe visivyofanya kitu

Dalili hii ina sura mbili na watu huzichanganya.

Sura ya kwanza: kila asubuhi linatokea dirisha la onyo, mhudumu anabonyeza kufungua, kazi inaendelea. Hapa folda haijawekwa miongoni mwa maeneo yanayoaminika. Kwenye Access kamili ungeingia Trust Center ukaiongeza, lakini Runtime haina mlango huo. Unaiandika kwenye rejista ya Windows. Tengeneza faili la .reg lenye haya:

Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Access\Security\Trusted Locations\Mapokezi]
"Path"="C:\\Mapokezi\\"
"AllowSubFolders"=dword:00000001

Namba 16.0 ndiyo ya 2016, 2019, 2021 na 365. Ya 2013 ni 15.0 na ya 2010 ni 14.0. Mikwaju (\) katika njia lazima iwe miwili miwili, vinginevyo mstari unaingia ukiwa mbovu na hakuna anayekuambia. Tena huo ni ufunguo wa mtumiaji, hauhusu mashine nzima: zamu ya usiku ikiingia Windows kwa jina lingine, onyo litarudi. Liendeshe faili hilo kwa kila jina.

Sura ya pili ni nzito zaidi. Ujumbe unasema Microsoft imezuia makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) kwa kuwa chanzo cha faili hakiaminiki, na hakuna kitufe cha kukubali. Huo ni utaratibu ulioanza 2022. Faili lililopakuliwa kwa kivinjari hupigwa na Windows alama ya kwamba limetoka mtandaoni, na alama hiyo huhama kutoka kwenye zipu hadi mafaili yaliyotolewa ndani yake. Bonyeza kulia juu ya faili, ingia Properties, weka tiki palipoandikwa Unblock. Ikiwa ni zipu, iondolee alama kabla ya kuifungua.

Hili ndilo linalofanya faili lilelile likubali kwa jirani na ligome kwa mteja. La jirani lilikwenda kwa flashi, na flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hauna mahali pa kubeba alama hiyo. Ndiyo maana nimesema uliza faili lilifikaje.

## Skrini ya kijivu, hakuna kitu

Runtime huficha orodha ya majedwali na fomu iliyo upande wa kushoto. Usipoiambia ifungue fomu ipi, inakaa kimya. Kwenye Access yako ingia Options, sehemu ya hifadhidata ya sasa, chagua fomu ya kufunguka kwanza, au tengeneza makro yenye jina AutoExec.

Ndugu yake ni malalamiko ya "ripoti yaonekana lakini haichapiki". Utepe wa kawaida wa juu nao haupo kwenye Runtime, kwa hiyo kitufe cha kuchapa ulichokizoea mteja hakioni. Weka kitufe chako kwenye fomu, au tengeneza utepe wako ndani ya jedwali la USysRibbons. Na ripoti ziambie zitumie printa iliyochaguliwa na Windows. Ukiziacha zimefungwa kwenye printa ya ofisini kwako, zitaitafuta Shela zisiione.

## Inafunguka, inafanya kazi, kisha inazima ghafla

Hii ndiyo inayoipa Runtime jina baya, nayo haina hatia. Kwenye Access kamili, kosa lisiloshughulikiwa hufungua dirisha lenye namba ya kosa na kitufe cha kukupeleka kwenye msimbo. Kwenye Runtime kosa hilohilo hutoa ujumbe kwamba uendeshaji umesimama na programu itafungwa, nayo hufungwa kweli. Mhudumu aliyekuwa katikati ya kumwandikisha mgeni anapoteza ukurasa.

Kosa lenyewe linaweza kuwa dogo mno: sanduku la tarehe lililoachwa tupu, jina la mgeni lenye alama ya ritifaa (') kama Mwana Nang'oma lililovunja sentensi ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kugawa kwa sifuri katika hesabu ya wastani. Kwako hayakutokea kwa sababu unajua mahali pa kubonyeza. Mtu wa mapokezi hajui, wala si kazi yake kujua.

Tiba ni kila utaratibu katika msimbo uwe na On Error GoTo, amri ya kunasa kosa, bila kubagua. Watengenezaji huweka kwenye vitufe vikubwa wakasahau tukio dogo kama Form_Current, na hapo ndipo pa kuzimia. Makro nazo zina kitendo chake cha OnError. Kisha kosa lisipite bila kuandikwa:

Public Sub AndikaKosa(mahali As String, namba As Long, maelezo As String)
    Dim f As Integer
    f = FreeFile
    Open CurrentProject.Path & "\makosa.txt" For Append As #f
    Print #f, Now & " | " & mahali & " | " & namba & " | " & maelezo
    Close #f
End Sub

Katika sehemu ya kushughulikia kosa unaita AndikaKosa "frmWageni.btnHifadhi", Err.Number, Err.Description, halafu unamwonyesha mtumiaji sentensi ya Kiswahili inayoeleweka: "Tarehe ya kuondoka haijajazwa." Baadaye mteja anakutumia makosa.txt kwa WhatsApp, nawe unasoma ukiwa umekaa barazani. Kwa mtu mwenye wateja Pate na Kiunga, faili hilo dogo lina thamani kuliko fomu yoyote nzuri uliyobuni.

## Hata Left na Date hazifanyi kazi

Dalili ya ajabu: mfumo unalalamika hauijui kazi ya kawaida kabisa kama Left, Date au Format, na ujumbe unataja mradi au maktaba isiyopatikana. Left haina tatizo. Mradi wako una rejea, yaani kiungo cha kuazima kazi, ya maktaba ya Excel au Outlook, na kompyuta ya mteja haina hizo. Ina WPS au LibreOffice, programu za ofisi zisizo za Microsoft. Rejea moja ikikosekana, nyingine zote huyumba.

Ondoa rejea hizo, tumia CreateObject wakati wa kuendesha, na kosa 429 likitokea mwambie mtumiaji kwamba huduma hiyo inahitaji Excel. Kama ulichotaka ni kutuma ankara tu, itoe kwa PDF. Access hufanya hivyo yenyewe bila msaada wa mtu.

## Programu haioni data

Gawa faili mara mbili: majedwali peke yake upande mmoja, fomu, ripoti na msimbo upande wa pili. Bila mgawanyo huu kila toleo jipya utakalotuma litafuta wageni wa mteja. Tatizo ni kwamba viungo kati ya pande mbili hukariri njia kamili, na njia yako inaanza na C:\Users na jina lako. Kwa mteja njia hiyo haipo, hivyo anapata kosa 3024 au 3044. Na Runtime haina zana ya kurekebisha viungo.

Fanya kwa msimbo programu inapofunguka: pita kwenye TableDefs, orodha ya majedwali ya faili, na kila jedwali lenye kiungo lipe Connect mpya yenye ";DATABASE=" na njia sahihi, kisha RefreshLink. Data ikiwa na neno la siri, ongeza PWD= ndani ya Connect. Nami nashauri iwe nalo: namba za pasipoti za wageni zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na .accde huficha msimbo wako tu, haifichi majedwali.

Njia iandikwe kwa jina la kompyuta, \\MAPOKEZI\Data\Wageni.accdb. Herufi kama Z: hubadilika kutoka mashine hadi mashine.

## Wa pili hawezi kuingia, au data inaharibika

Mmoja akifungua, mwingine anaambiwa faili linatumika au anaweza kusoma tu. Tazama ruhusa za folda inayoshirikiwa. Access hutengeneza humo faili la kufuli lenye mwisho .laccdb na kulifuta wa mwisho anapotoka, kwa hiyo kila mtumiaji anahitaji ruhusa ya kuunda, kubadili na kufuta ndani ya folda. Ruhusa ya kusoma haitoshi. Kosa 3073, linalosema kwiri (ombi kwa hifadhidata) haiwezi kusasisha, mara nyingi lina mzizi huohuo, au upande wa fomu umewekwa ndani ya Program Files ambako Windows hairuhusu kuandika. Uweke C:\Mapokezi, kila mashine na nakala yake. Watu wawili wasifungue nakala moja ya fomu.

Uharibifu wa data ni jambo lingine, na kwa Lamu nalitaja waifai kwanza. Nyumba za mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene zisizopitisha ishara. Ruta ikiwa kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na kompyuta ya pili ikiwa ghorofani, muunganisho utakatika kila dakika chache. Kwa kuvinjari hutaona, ukurasa unajaribu tena. Access inaandika moja kwa moja ndani ya faili lililo mbali; ikikatwa katikati unapata kosa 3043, na siku mbaya faili zima linadai kutengenezwa. Vuta kebo. Mwenye nyumba akisema kebo yaharibu ukuta, mwonyeshe ipitie dari la boriti, haitaonekana.

Umeme nao: kompyuta yenye data na ruta vikae kwenye UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. Na data isikae ndani ya folda ya OneDrive, Google Drive wala Dropbox. Huduma hizo hunakili faili likiwa wazi, kisha mashine mbili hupeleka nakala mbili tofauti. Nakala rudufu sawa, zipeleke huko usiku wote wakiwa wametoka.

Kwa nambari: faili la Access mwisho wake ni GB 2 na watumiaji 255 kwa pamoja. Nyumba ya wageni haifiki huko. Picha za pasipoti zikihifadhiwa ndani ya jedwali zitakufikisha. Hifadhi njia ya picha, picha zikae kwenye folda.

## Wageni wanapotea kuanzia tarehe mosi hadi 12

Mteja anatafuta wageni wa 4 Machi 2025 haoni mtu, au anaona wa 3 Aprili. Akitafuta wa 25 Machi, wote wapo. Hapo wengi hudhani data imeharibika.

Data ni nzima. Tarehe iliyo kati ya alama za # katika SQL husomwa na Access kwa mpango wa Kimarekani, mwezi kwanza. Windows ya mteja imewekwa kwa Kenya, siku kwanza, hivyo 04/03/2025 inageuka Aprili 3. Mwezi wa 25 haupo, kwa hiyo 25/03 Access inajisahihisha kimyakimya. Kwenye kompyuta yako yenye mpangilio wa Marekani usingeliona kamwe. Andika hivi:

"Kuingia = " & Format(Me.txtTarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#")

Lenye asili moja na hilo ni la namba. Wapo wenye nyumba wanaokuja na laptopu zao kutoka Italia au Ufaransa, ambazo hutenga desimali kwa mkato. Bei ya 1500.50 inaingia kwenye SQL kama 1500,50, Access inahesabu thamani mbili, kosa 3346. Pitisha namba kwa Str(), ambayo hutoa nukta daima, au tumia kwiri zenye vigezo uepukane na yote mawili, pamoja na yule Nang'oma.

## Umetuma toleo jipya, mteja bado ana la zamani

Ikoni iliyo juu ya meza ya kompyuta inaelekea faili lililo ndani ya Downloads, lililofunguliwa siku ya kwanza. Mteja anaweka jipya C:\Mapokezi kama ulivyomwelekeza, kisha anabonyeza ikoni ileile. Mpe ikoni ya faili la .bat lenye mistari miwili:

copy /Y "\\MAPOKEZI\Data\Toleo\Mapokezi.accde" "C:\Mapokezi\"
start "" "C:\Mapokezi\Mapokezi.accde"

Kila akifungua anachukua lililo jipya, na wewe unabadili faili moja tu. Andika pia tarehe ya toleo kwenye kona ya fomu ya kwanza, kwa herufi kubwa, aweze kukusomea kwa simu. Akisoma tarehe ya zamani, mwambie afute ikoni aliyo nayo na afungue kwa hii.